Damu ya Saa Tisa Alasiri

Shangazi yangu anauza mukene katika soko la Owino, Kampala. Kwa msomaji wa Mombasa au Dodoma, mukene ni wale dagaa wadogo wa Ziwa Victoria wanaoanikwa juani na kuliwa wazima wazima, kichwa, mkia na miba. Mwezi uliopita alifika kwangu jioni, bado ananukia biashara yake, akaketi, akafungua kaveera jeusi, mfuko wa plastiki, na kutoa karatasi thelathini na nane zilizochapwa kwa rangi. Alikuwa amepimwa mwili mzima.

"Wamekutoa damu?" nikamuuliza.

"Hata. Nimeshika chuma tu."

Chuma chenyewe ni kijiti kilichounganishwa kwa waya na kompyuta ndogo. Kijana mwenye koti jeupe alikuwa amesimamisha hema karibu na steji ya mabasi. Unalipa shilingi elfu thelathini za Uganda, unashika kijiti kwa dakika moja hivi, mashine inaanza kutema karatasi. Ini lina ukurasa wake, mifupa ina ukurasa wake, hata "uchovu wa ubongo" umepewa wake. Ukurasa wa homoni ulikuwa na mishale myekundu sita, na chini yake kijana ameandika kwa kalamu: vidonge vya kalsiamu, unga wa majani wa kunywa asubuhi, kopo moja la kusawazisha homoni. Jumla laki nne na elfu themanini.

"Homoni zangu zimeyumba, mwanangu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyetoka kusomewa hukumu.

Huyu ni mwanamke anayeuza samaki waliojaa kalsiamu kuliko karibu chochote kingine kilichomo sokoni mle, na alikuwa anajiandaa kutumia faida ya samaki hao kununulia kalsiamu ya kopo. Ningecheka, lakini sina haki hiyo.

Mwaka juzi nilifanya kosa lile lile, tofauti ni kwamba mimi nililifanya mahali penye kiyoyozi. Nilikuwa nachoka ovyo, usingizi umenihama, nywele zinabaki kwenye kitana, sketi zote zinabana kiunoni. Maabara moja ya mjini ilikuwa na paketi ya "homoni za mwanamke", vipimo ishirini kwa bei moja. Nikapita nikitoka kazini, saa tisa alasiri. Walitoa damu kwa ustadi, sindano sikuisikia, chupa tatu, pamba, plasta, asante karibu tena. Kesho yake majibu yakaingia kwenye simu. Mistari miwili ilikuwa myekundu: kortisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, iko chini, na TSH, ile homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ya shingo, nayo iko chini. Usiku ule sikulala, na safari hii nilikuwa na sababu.

Daktari niliyempelekea majibu aliniuliza maswali manne kabla hajayatazama. Ulitolewa damu saa ngapi? Ilikuwa siku ya ngapi tangu hedhi ianze? Uko kwenye sindano ya uzazi wa mpango? Unameza kidonge chochote cha nywele au kucha? Pale nilipolipia, hakuna aliyeniuliza hata moja kati ya hayo.

Kortisoli hupanda alfajiri, hufika kileleni karibu na wakati wa kuamka, halafu hushuka mchana kutwa mpaka usiku wa manane. Kuipima alasiri na kuilinganisha na kiwango cha asubuhi ni kama kuhesabu abiria wa Old Taxi Park saa nane za usiku, halafu ukatangaza kwamba Kampala imehamwa. Testosteroni ya wanaume vilevile: damu hutolewa asubuhi, na jibu la chini hurudiwa siku nyingine kabla mtu hajaitwa mgonjwa. Projesteroni, homoni ya kike inayopanda baada ya yai kutoka, hupimwa kama wiki moja kabla ya hedhi inayofuata. Ukiipima siku ya tano utaikuta chini, na hapo ndipo inapotakiwa kuwa. Ama sindano ya miezi mitatu, ambayo wanawake wa Uganda wanaitumia sana, hiyo huweza kuikata hedhi kabisa au kuifanya idondoke vipande vipande, maana ovari zimetulizwa makusudi. Mwanamke wa aina hiyo akiambiwa homoni zake zimevurugika, ameambiwa kile kile kilichoandikwa ndani ya boksi la dawa yake, ila sasa amelipishwa.

Swali la nne ndilo lililonikamata. Kidonge cha nywele nilikuwa nacho, nilikinunua kwenye duka la dawa miezi miwili kabla, biotini, vitamini isiyomdhuru mtu. Tatizo ni kwamba mashine nyingi za kupimia homoni hutumia biotini hiyo hiyo katika namna yake ya kunasa kile inachokitafuta. Ikijaa kwenye damu, mashine inachanganyikiwa: TSH inasomeka chini kwa uongo, T4, homoni ya tezi yenyewe, inasomeka juu kwa uongo, na mtu mwenye afya kabisa anaonekana ana tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya jambo hili mwaka 2017. Nikaacha kidonge, nikasubiri wiki, nikarudia kipimo saa mbili asubuhi. TSH ilikuwa katikati kabisa ya kiwango. Kidonge nilichomeza kwa ajili ya nywele ndicho kilichokuwa kinaharibu kipimo cha homoni.

Tuseme hata makosa hayo yasingekuwepo. "Kiwango cha kawaida" kinachochapwa pembeni ya kila jibu hupatikana kwa kupima watu wenye afya na kuchukua asilimia 95 ya katikati. Maana yake, kwa kila kipimo, watu watano katika mia walio wazima watapata alama nyekundu. Ukimpima mtu mwenye afya vitu ishirini visivyotegemeana, uwezekano wa kumkuta na angalau chekundu kimoja ni asilimia 64. Kwa hiyo mwenye kuuza paketi ya ishirini hana haja ya kumdanganya mtu. Hesabu zinamfanyia kazi.

Kijana wa hema yeye yuko mbali zaidi na ukweli. Estrojeni hupimwa kwa pikogramu, na pikogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara trilioni. Kuifikia kunahitaji damu, kemikali za kuinasa, na mashine inayohakikiwa kila siku na mtu aliyesomea. Kiganja chenye jasho na kipande cha chuma havifiki huko. Hilo nalipita haraka, kwa sababu wasomaji wengi wa ukurasa huu wataafikiana nami juu ya kijiti huku wamehifadhi kwenye simu majibu yao ya paketi ya ishirini.

Nimejiuliza neno "homoni" limepataje nguvu hii. Huku Buganda senga, yaani shangazi, ndiye aliyekuwa anamfundisha msichana mambo ya mwili wake. Siku hizi masenga wako redioni na kwenye simu, na somo limegeuka bidhaa: unga wa hiki, mafuta ya kile. Wakati huohuo maradhi yaliyokuwa yanaitwa upepo, jicho la mtu au kulogwa na mke mwenza yamehamia kwenye jina moja la kizungu. Sina ugomvi na neno lenyewe. Lina heshima yake, halimuaibishi mtu, na mume ambaye angesema mkewe mvivu sasa anasema mke wangu ana homoni, jambo ambalo nalo ni hatua. Ugomvi wangu uko kwenye mpangilio. Tumeanza kununua jibu kabla hatujawa na swali, na maswali tunayoyaazima mara nyingi ni ya miili ya watu wa kwingine.

Nchi hii iliwahi kuuliza swali la homoni kwa usahihi, na matokeo yake yako jikoni kwako. Waliokulia chini ya Rwenzori, kwenye Elgon au Kigezi wanamkumbuka jirani mwenye rovu, shingo imejaa kama ameficha embe. Mvua za milimani huosha udongo, iodini inaondoka nao, na tezi ya shingo inabaki haina malighafi ya kutengenezea homoni yake. Inajitanua ikihangaika. Rovu ni sehemu inayoonekana tu. Mama mjamzito akikosa iodini, ubongo wa mtoto ndio unaolipa. Katika miaka ya 1990 Uganda ikafanya chumvi yenye iodini kuwa lazima, na leo karibu kila nyumba inayo. Sijui kinga nyingine ya homoni katika nchi hii inayoifikia hiyo, na hakuna mwananchi aliyepewa karatasi yenye mishale. Taifa zima liliulizwa swali kupitia shingo na mikojo ya watoto wa shule, jibu likatiwa ndani ya pakiti.

Ndiyo maana naumia ninapoona kwenye supamaketi chumvi ya pinki ya kutoka ng'ambo, ghali mara kumi, inasifiwa kwamba inasawazisha homoni. Chumvi hiyo kwa kawaida haijatiwa iodini. Anayeinunua anailipia safari ya kurudi kwenye rovu. Na ile ya kawaida pia ina adabu zake: ukiiacha wazi pembeni ya sigiri, joto na unyevu vinaila iodini polepole. Ifunikwe, itiwe chunguni mwishoni, na isizidi kijiko cha chai kwa mtu kwa siku, maana presha nayo iko mlangoni.

Swali la pili ni la sukari, na hapa ndipo kunakonikereketa zaidi. Kipimo kinachopendwa siku hizi ni HbA1c, watu wanakiita sukari ya miezi mitatu. Huhitaji kufunga, unakwenda saa yoyote. Kinapima sukari iliyojibandika kwenye chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe huishi kama siku 120, jibu linakuwa wastani wa miezi hiyo. Asilimia 6.5 na kuendelea ni kisukari. Ni kipimo kizuri sana, kikiwa kimekutana na chembe zinazoishi umri wake.

Kati ya 2014 na 2015 ulifanyika uchunguzi wa siko seli nchi nzima. Naupenda uchunguzi ule kwa ujanja wake: damu haikutolewa upya. Maabara kuu za afya ya umma jijini Kampala zilikuwa tayari zina matone ya damu za watoto wachanga karibu laki moja, yamekaushwa kwenye karatasi kwa ajili ya kupima VVU. Watafiti wakayauliza matone yale yale swali jingine. Wakakuta asilimia 13.3 ya watoto wanabeba kinasaba cha siko seli bila kuugua. Zaidi ya mmoja katika kila wanane.

Sasa weka mambo hayo mawili pamoja. Utafiti uliofanywa kwa Wamarekani weusi na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mtu anayebeba kinasaba hicho huonyesha HbA1c ya chini kwa kama 0.3 kuliko mwenzake mwenye sukari ile ile. Kwa hiyo mtu wa Lira au Bundibugyo anaweza kupewa 6.3, akaambiwa bado hujafika, akaenda zake na soda mkononi, kumbe alishavuka. Malaria inayovunja chembe mapema husukuma jibu upande huohuo. Upungufu wa damu kutokana na kukosa madini ya chuma, uliowajaa wanawake wetu, hulisukuma upande wa pili. Kipimo cha zamani, cha kufunga usiku na kutolewa damu asubuhi kabla ya chai, hakina mapambo lakini hakijali umri wa chembe: milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, ikirudiwa ikabaki pale, ni kisukari. Nikiulizwa na mtu wa huku asiyejua kama anabeba siko seli, namwambia aanze na hicho. Kwa bahati nzuri ndicho cha bei nafuu.

Jambo jingine ambalo karatasi za kuazima hazilisemi ni wembamba. Tumezoea kusikia kisukari ni cha matajiri wenye vitambi, na kwamba ukipungua kiuno homoni ya insulini itakaa sawa. Watafiti wa kituo cha utafiti wa virusi cha Entebbe walipowachunguza wananchi wa Uganda waliokuwa wamegunduliwa karibuni kuwa na kisukari cha aina ya pili, karibu theluthi moja walikuwa na uzito wa kawaida au chini ya hapo. Wengi wa hawa shida yao kubwa iko kwenye kongosho linalotoa insulini kidogo. Mwaka 2025 shirikisho la kimataifa la kisukari likakitambua rasmi kisukari kinachotokana na utapiamlo, likakiita aina ya tano. Huku kwetu habari hiyo si ngeni. Ni zaidi ya nusu karne sasa madaktari wa nchi za joto wanawaona wagonjwa wembamba ambao vitabu haviwatambui. Ukimwambia mtu wa namna hiyo apunguze kula, unamsaidia kufa.

Na madaktari wa Kampala waliandika, mwaka 2020, juu ya wagonjwa wa VVU ambao sukari yao ilipanda ghafla walipohamishiwa dawa ya dolutegravir. Dawa ni nzuri na isiachwe. Swali lililozaliwa hapo ni kwamba anayeianza apimwe sukari, na aelezwe kwamba kiu isiyoisha na kukojoa usiku kucha ni mambo ya kurudi nayo kliniki.

Katika lishe tuna historia ambayo tumeisahau kwa namna ya ajabu. Hugh Trowell na Denis Burkitt, madaktari wawili, Mwingereza na mzaliwa wa Ireland, waliotibu katika hospitali ya Mulago katikati ya karne iliyopita, walishangazwa na magonjwa wasiyoyaona. Mwaka 1956 Trowell aliandika kuhusu mgonjwa mmoja Mwafrika wa mishipa ya moyo, mmoja, na ilikuwa ajabu ya kuandikwa kwenye jarida. Wakatazama sahani za watu. Wakaona matoke, mtama, wimbi, maharage, viazi vitamu, mboga za majani, na baadaye wakalipeleka duniani wazo la nyuzinyuzi: kwamba chakula kisichokobolewa hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu na hulinda utumbo. Si kila walichodai kimesimama mpaka leo, lakini nyuzinyuzi zimesimama. Leo tunauziwa nyuzinyuzi zikiwa ndani ya pakiti kutoka nchi walizorudi kwenda kuzihubiria.

Tazama sahani ya mchana ya mfanyakazi wa Kampala. Posho, yaani ugali, nyeupe iliyokobolewa mara mbili, mlima mzima, maharage vijiko vitatu, soda. Jioni roleksi, chapati ya unga mweupe imekunjia mayai mawili na kabichi iliyokatwa kama uzi. Sisemi roleksi ni mbaya, mayai yale ni mema kuliko vyakula vingi vya haraka duniani. Nasema mboga za majani kama nakati, dodo na malakwang, pamoja na mchuzi wa karanga, vitu ambavyo bibi alivitia kwenye kila mlo, vimegeuka chakula cha Jumapili au cha mgonjwa. Kurudisha kalo, ugali wa wimbi, mara tatu kwa wiki mahali pa posho kutafanya kwa insulini ya mtu huyo kazi ambayo hakuna kopo linaloifanya. Mtu asiniulize gramu. Aanze na kupindua vipimo, maharage yawe mlima na posho iwe vijiko vitatu. Watoto watalalamika. Wangu walilalamika wiki mbili.

Ukitaka homoni zilizovurugwa kweli, acha maabara, nenda kwenye kibanda cha vipodozi. Katika krimu nyingi za kung'arisha ngozi mna dawa za steroidi kali kama klobetasoli. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Uganda na bado mikebe unaiona. Pembeni kidogo kuna vidonge vya kunenepesha vinavyofungwa kwenye gazeti, vinne vinne, kwa wasichana wanaotaka makalio. Mara nyingi ndani yake ni deksamethasoni. Steroidi ni ndugu wa kortisoli. Ubongo ukiona damu imejaa ndugu huyo, unaacha kuziamuru tezi zilizo juu ya figo, nazo zinalala. Uso unakuwa mviringo kama mwezi, presha na sukari vinapanda, ngozi inakuwa nyembamba hadi mishipa inaonekana. Halafu siku pesa za vidonge zinapoisha, msichana anaacha ghafla, tezi bado zimelala, na maambukizi madogo tu yanaweza kumwangusha. Nimemwona binti mmoja mtaani kwetu akibebwa namna hiyo. Familia ilizungumzia sumu. Watu hawa ndio wanaohitaji kupimwa kortisoli, asubuhi, na hakuna paketi inayowatafuta.

Najua nitakachojibiwa: afadhali kujua kuliko kutojua, wewe unawakatisha watu tamaa ya kupima. Hoja hiyo ina uzito mahali ambapo mwanamke anaweza kuzunguka na ugonjwa wa tezi ya shingo miaka mitano akitibiwa malaria. Kwa hiyo niseme wazi. Mwenye uvimbe shingoni, anayehisi baridi wengine wakitoka jasho, moyo unaokwenda mbio huku anakonda, aliyetafuta mtoto mwaka mzima bila mafanikio, aliyekatika hedhi bila mimba wala sindano, huyo ana swali, na TSH au prolaktini, homoni ya maziwa, kwake ni pesa iliyokwenda mahali pake. Mwanamke wa miaka arobaini na minane anayeamka usiku kalowa jasho na hedhi zinaruka ruka hahitaji kupimwa homoni ili aambiwe anakaribia kukoma hedhi; umri wake na shuka zake zimeshasema. Anahitaji matibabu ya hari hizo, na hapo mara nyingi pesa zinakuwa zimeishia kwenye vipimo. Hata vitamini D, kipenzi cha kila paketi: mwaka 2024 chama kikubwa cha madaktari wa homoni kilichoko Marekani kilishauri watu wazima wenye afya wasipimwe hovyo. Hao ni watu wenye majira ya baridi, sembuse sisi tulio juu ya mstari wa ikweta.

Nani basi anachagua maswali? Kwa sasa, muuzaji. Ada kwenye vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, jambo kubwa, lakini mtu akikuta vifaa vimeisha anarudi mfukoni mwake. Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa mwaka 2021 na haukutiwa saini. Pasipo mfuko wa pamoja hakuna anayekaa chini na kusema: kwa shilingi hii, tuanze na kipi? Mwenye hema ndiye anayejibu. Kama angekuwepo mtu wa kukaa chini, takwimu zingemsaidia. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2014 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na kati ya hao hawakufika mmoja kwa kumi waliojua. Saratani ya mlango wa kizazi inaua wanawake wa Uganda kuliko saratani nyingine yoyote, wakati chanjo yake wasichana wa miaka kumi wanapewa bure tangu 2015 na mama zao wanaweza kuchunguzwa mapema kwa siki na tochi. Siki ile ile ya kachumbari.

Wakati nampigia shangazi hadithi zote hizi alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo, hajainua uso. Mwishoni akasema, "Sawa. Lakini presha hawakunipima." Nikazipekua karatasi zote thelathini na nane. Kweli.

Jumamosi nikaenda naye kituo cha afya cha serikali, ngazi ya tatu, mwendo wa boda moja kutoka kwangu. Tulikuta foleni ya wajawazito. Nesi alikuwa mmoja, mashine ya presha moja, na ilipofika zamu yetu ikagoma kuwaka. Betri. Nesi hakusema neno. Alifungua droo, akatoa redio yake ndogo, akaivua betri nne, akazitia kwenye mashine, akamfunga shangazi mkono. Ikavuta, ikapumua, ikaandika 158 kwa 96.

Shangazi akaanza kueleza kuhusu homoni. Nesi akamwekea mkono begani.

"Hajati, kaa kwanza. Miguu chini, usiongee dakika tano. Tupime tena. Na kesho uje kabla ya chai, nikutazame na sukari."